Ile 83 ya kidato cha tatu

Najua nimeadimika kama wiki tatu hivi. Msiwe na wasiwasi, sijadisko, ni maabara tu na ripoti zake zisizoisha. Bumu nalo lishakata, kwa hiyo niko zangu hosteli na chai ya rangi, nikaona bora niandike kitu kilichonikaa rohoni siku nyingi.

Jana tulikuwa na titresheni. Jamaa mmoja wa grupu letu hakutokea, jioni akaja chumbani: "Mwanangu, nipe ripoti yako nidese fasta." Nikampa. Alipotoka tu, nikaikumbuka 83.

Basi bwana, nikiwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, nilikaa dawati moja na jamaa tuliyemwita Trei. Jina lilitokana na moli. Mwalimu aliandika ubaoni namba ya Avogadro, 6.02 × 10²³, akaieleza kwa Kiingereza, darasa zima tukaitikia "Yes!" na hakuna aliyeelewa kitu. Mapumziko, huyu jamaa, ambaye mama yake aliuza mayai sokoni, akatueleza hivi: "Ukisema trei, kila mtu anajua ni mayai 30, huhesabu moja moja. Moli nayo ni trei ya vitu vidogo sana, ila badala ya 30 vinakaa 6.02 × 10²³. Na trei ya mayai ya kanga haina uzito sawa na trei ya mayai ya bata, ingawa zote ni 30. Ndiyo maana moli ya kaboni ni gramu 12, ya sodiamu gramu 23." Mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, na nimeshakaa mbele ya maprofesa.

Ijumaa moja tukapewa homuweki, maswali matano. La tatu lilitaka tutafute gramu 5.3 za sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, ni moli ngapi. Wikiendi nzima mimi nilikuwa banda la video naangalia mpira. Jumatatu nikawahi shule, nikamwomba Trei daftari. Akasema, "Nakupa, ila kaa kwanza nikueleweshe." Nikamjibu, "Utanielewesha baadaye, we nipe tu, kengele inakaribia." Nikadesa yote, nukta kwa nukta.

Kumbe swali la tatu Trei alipitiwa. Uzito wa moli moja aliandika 83, jibu likatoka 0.064. Mwalimu akakuta 83 kwenye madaftari mawili ya dawati moja. Akatusimamisha. "Nani kamwangalizia mwenzake?" Kimya. Akasema kila mmoja aeleze njia yake, na kwa Kiingereza, maana Kiswahili darasani kilikuwa marufuku.

Hapo ndipo penyewe. Mimi msingi nilisoma inglishi midiamu. Nikatiririka: gawanya gramu kwa uzito wa moli, unapata moli, asante mwalimu. Hiyo 83 imetoka wapi sikuwa najua, na hakuniuliza. Trei akaanza, akakwama, akajaribu Kiswahili, akakatizwa. Akajaribu tena, darasa likacheka. Mwalimu akaamua: sifuri kwa Trei, na kudeki maabara wiki nzima.

Nilitaka kusema ukweli jamani. Ila mdomo ule ule uliokuwa unatiririka dakika mbili nyuma ukawa mzito kama jiwe.

Usiku ule nikakaa na daftari peke yangu. Sodiamu ziko mbili, kwa hiyo 23 mara 2 ni 46. Jumlisha kaboni 12, jumlisha oksijeni tatu za 16, yaani 48. Jumla 106. Jibu ni moli 0.05. Trei alisahau ile mbili ndogo tu. Mimi sikujua hata kama kuna kosa.

Trei hakunisema kwa mtu wala hakuninunia. Nilipomwomba daftari tena alinipa, akasema neno moja tu: "Chukua." Ile ya "kaa nikueleweshe" ikaishia pale. Baada ya wiki chache akaacha kemia, akahamia sanaa. Mimi niliyeonekana kipanga ndiye leo nasomea ualimu wa kemia.

Sasa mazoezi ya kufundisha yanakuja, na mimi ndiye nitakayesimama pale mbele na madaftari mkononi. Nikikuta 83 mbili, nimejiapiza nitauliza imetoka wapi, na mtoto anijibu kwa lugha yoyote aliyonayo. Kiingereza tutakitafuta baadaye. Maana kuna wanaojua kusema na kuna wanaojua kemia, na mimi nilishafaidika watu walipowachanganya.

Asubuhi hii nimeenda chumbani kwa yule jamaa wa ripoti. Nikamuuliza, "Unajua kwa nini moli moja ya kaboneti inakula mbili za HCl?" Akacheka, "Aaah, utanielewesha baadaye bwana."

Nikakaa kitandani kwake, nikamwambia leo sitoki mpaka aelewe. Tumemaliza saa nzima.

Haya wadau, ndiyo hivyo. Namba ya Trei nimeipata kwa mshikaji wa zamani, na vocha ninayo. Usiku nampigia.