Umeme Utakatika Jumamosi

Nilikozaliwa hakuna aliyetangaza kukatika kwa umeme, kwa kuwa haukuwapo wa kukatika. Kiomboni iko ndani ya delta ya Rufiji, na njia ya kwenda mpaka leo ni ile ile: unatoka Kibiti, unashuka gatini Nyamisati, unapanda boti na kuingia kwenye vijito vilivyobanwa na mikoko pande zote. Msimu wa mpunga familia nzima tulihamia shambani. Tulilala juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na usiku tukapokezana kupiga madebe kufukuza nguruwe. Taa ilikuwa koroboi. Chemli ilitolewa kwa ajili ya wageni na misiba.

Kujiandaa, hata hivyo, tulikujua. Bamvua ina siku zake, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na aliyeacha nyavu zake pabaya siku hizo hakuwa na wa kumlaumu. Mto nao ulikuwa na dalili. Maji yakigeuka rangi ya udongo na kuanza kushusha matete na magogo kutoka bara, bibi alipandisha mbegu darini, akafunga mtumbwi kwenye mguu wa dungu, akaanza kuhesabu siku. Mafuriko ya kawaida hakuyaogopa. Ndiyo yaliyorutubisha shamba, na huko juu kidogo, Ndundu na Mohoro, maji yakishuka watu walipanda mlau kwenye tope bila kungoja mvua: mahindi, kunde, maboga. Aliyoyaogopa ni mafuriko ya nje ya siku zake, yale yanayomkuta mtu hajapandisha kitu.

Nilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya mgao wa umeme wa miaka ya 1990. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Mtera, na pale chuoni Mlimani kila mwanafunzi, hata wa sheria, alikuwa mtaalamu wa kina cha Mtera. Kituo cha Kidatu, megawati 204, kilianza mwaka 1975 na kinategemea maji yanayotunzwa Mtera. Mtera penyewe pakaongezwa mitambo ya megawati 80 mwaka 1988. Vyote viko kwenye mto Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu humwaga maji yake Rufiji. Jambo hilo nililigundua mbele ya ramani ukutani, nikabaki nimesimama. Maji yaliyowasha taa ya chumba changu yalikuwa njiani kwenda kwetu. Yangezungusha mitambo, yangeungana na maji ya Kilombero, yangepita kwenye korongo la Stiegler, kisha yangepita chini ya dungu la bibi, akiwa ameketi na koroboi yake.

Maktaba nilikuta maandishi ya watafiti wa BRALUP, ofisi ya chuo hicho hicho, ambao katika miaka ya 1970 walikwenda kuwauliza watu wa Bonde la Rufiji wanaishi vipi na mafuriko. Sababu ya kuulizwa ilikuwa mpango wa bwawa pale Stiegler. Mamlaka ya kulisimamia bonde, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, na kwa miongo kadhaa bwawa lilibaki kwenye makabati. Wazee wa kwetu walikuwa wamelisikia mara nyingi hata wakaacha kulizungumzia, na walikuwa na haki ya kuichoka mipango: Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwatoa watu bondeni na kuwapeleka vijiji vya juu, na wengi waliendelea kurudi bondeni kulima kwa kuwa ardhi yenye rutuba haikuhama nao.

Maandalizi ya mgao enzi hizo pale Mlimani yalikuwa ya kila mtu na mshumaa wake. Wenye vimbweta vya kusomea vya karibu na taa ya barabarani waliwahi kuviwekea madaftari tangu saa kumi jioni, na taa ikizimika nayo, waligeuza kimbweta kuwa baraza la siasa. Ndoo zilijazwa asubuhi. Watu wa mjini wanalisahau hili mpaka liwakute: umeme ukikatika, pampu inasimama, na pampu ikisimama bweni zima linakosa maji. Mimi, mtoto wa mtoni, sikuwahi kukosa ndoo iliyojaa. Wenzangu walidhani ni ubahili.

Baadaye niliajiriwa fundi katika chuo kingine jijini, ambacho sitakitaja kwa kuwa yaliyotokea pale yangeweza kutokea chuo chochote. Kazi yangu ilikuwa pamoja na kupokea matangazo ya katizo la umeme. Tangazo lenyewe ni fupi: jina la laini, sababu, siku, saa ya kukata na saa ya kurudisha, mitaa itakayokosa huduma. Sababu huwa zile zile, kubadilisha nguzo zilizooza, kukata matawi yanayogusa nyaya, kuweka transfoma kubwa zaidi. Zamani tulilikata kwenye gazeti tukalibandika ubaoni. Siku hizi linaingia kwenye simu.

Nilipoanza, kujiandaa maana yake ilikuwa kumwambia dereva akalete dizeli. Jenereta lilikuwapo, kubwa, lenye kibanda chake na kufuli, na watu wote waliamini kwamba mradi lina dizeli, chuo kina umeme. Jumamosi moja likawashwa kwa wakati, likanguruma vizuri, taa za ukumbi na ofisi za wakubwa zikawaka, tukapongezana. Jumatatu asubuhi maabara moja ya baiolojia ikafunguliwa na harufu ikamaliza maneno. Friza lililokuwa na sampuli za mtafiti wa shahada ya tatu lilikuwa limechomekwa kwenye soketi isiyolishwa na jenereta, na kifaa cha kukatia saketi ya chumba kile kiliporudishiwa umeme Jumamosi jioni kiliruka, hakuna aliyekuwapo kukipandisha. Hakuna aliyekuwa amekosea jambo lililoandikwa popote. Ndilo lililotusumbua: hapakuwa na lililoandikwa.

Baada ya hapo tulipita chumba kwa chumba. Tulizima laini kuu makusudi usiku mmoja wa likizo, tukawasha jenereta, tukaenda na taa ya meza mikononi tukiichomeka kila soketi kuona ipi inawaka. Zinazowaka tukazipaka rangi nyekundu. Ilikuwa kazi ya kijinga kwa mtazamo, wasomi wakatucheka, lakini ilifichua mambo. Soketi za maktaba zilikuwa hai huku taa zake zimekufa. Chumba cha mlinzi kilikuwa na umeme wa jenereta, zahanati ya wanafunzi haikuwa nao. Kantini ilikuwa na soketi moja nyekundu, na ndiyo iliyokuwa imechomekwa redio.

Kutokana na usiku ule tukapata desturi, na desturi ikawa karatasi, na karatasi ikagombaniwa mpaka ikawa nzuri. Katizo likiwa Jumamosi, kazi inaanza Alhamisi. Matenki yote ya juu yanajazwa, kwa maana maji ya Jumamosi ni ya Alhamisi. Jenereta linawashwa na kubebeshwa mzigo kweli kweli, siyo kunguruma tu, kwa sababu jenereta linalongurumia hewa halikwambii ukweli. Na betri yake ya kuwashia inapimwa, maana nimeona tenki la dizeli limejaa hadi mdomoni na mtambo hauwaki kwa betri iliyokufa. Ijumaa friza nusu tupu zinahamishiwa moja, kwa kuwa friza lililojaa hushika baridi muda mrefu kuliko lililo tupu, kisha linafungwa na kuwekewa karatasi mlangoni ya kukataza kufungua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba profesa ni binadamu: ukimwambia asifungue, atafungua aone kama baridi ipo.

Seva za kompyuta zinazimwa kwa utaratibu wake kabla ya saa ya katizo, siyo kuachiwa visanduku vya betri vizifie mikononi. Lifti zinasimamishwa robo saa kabla, milango wazi, ghorofa ya chini. Kuhusu lifti palizuka ugomvi wa kweli. Mwanafunzi mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aliuliza kwenye mkutano, kwa upole mno, kwamba lifti ikisimamishwa yeye atakuwa ghorofa ya ngapi. Tulikuwa tumeandika kuhusu friza, seva na pampu, na hatukuwa tumeandika kuhusu yeye. Tangu siku hiyo vipindi vya siku ya katizo vinashushwa vyumba vya chini, na mtihani unasogezwa.

Kisha kuna kurudi kwa umeme, ambako watu hukuchukulia kama sherehe. Vifaa vingi huungua wakati huo. Umeme ukirudi ghafla, kila kiyoyozi, kila friza na kila pampu inavuta kwa pamoja, nguvu inayumba, na vinavyoharibika ni vile vilivyoachwa vimewashwa. Kwa hiyo unazima vyote kabla, na vinarudishwa kimoja kimoja, kwa mpangilio. Ukisikia wanafunzi wanashangilia bwenini, fundi yuko kwenye ubao wa saketi anangoja dakika zipite.

Wakati haya yakiendelea, nchi ilikuwa inabadilika kwa namna iliyonigusa mara mbili, kazini na nyumbani. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa, tukaachana na kivuko cha Ndundu na usiku wa kungoja pantoni. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikaanza kuendesha mitambo Ubungo. Bomba lake linatoka Somanga na kupita katika wilaya zetu likielekea Dar es Salaam. Mwaka 2006 Mtera ikashuka tena, ukaja mgao, ukaja mkataba wa Richmond wa umeme wa dharura, na kwa ajili yake Februari 2008 waziri mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sisi wenye jenereta tuliyajua hayo kwa bili ya dizeli.

Halafu makabati yakafunguliwa. Julai 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la bwawa kwenye korongo lile lile la Stiegler, sasa likiitwa Julius Nyerere: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa maji. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, baada ya mgao mwingine wa miezi kadhaa, na kufikia 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Kazini, tofauti ilionekana mapema. Makatizo hayakwisha, ila sababu yake ilibadilika. Umeme ulikuwapo, kilichokuwa kikitengenezwa ni nyaya na nguzo za kuufikisha. Mwaka ule ule wa 2024 ilitangazwa hata kwamba mitambo kadhaa imezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Niliposikia nilicheka peke yangu, nikikumbuka mishumaa ya Mlimani.

Sikucheka muda mrefu. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji. Mashamba yalizama na mavuno yake, nyumba zikaachwa, watu wakahamia kambini. Wapo waliolisema bwawa. Serikali ilisema ni mvua kubwa, na kwamba mafuriko ya Rufiji hayakuanza na bwawa, jambo ambalo bibi angekuwa wa kwanza kulikubali; mafuriko ya 1974 na ya El Niño ya 1998 yalikuja bila bwawa lolote pale. Mimi siyo wa kuamua. Ninachojua ni simu niliyopiga kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa amesukumwa na maji hadi Nyamisati.

"Shikamoo mjomba. Tangazo la kuhama mlilisikia?"

"Marahaba mjomba. Tulilisikia, redioni na kwenye simu. Lilisema watu wa mabondeni wahame." Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe si ndiye wa matangazo huko chuoni? Lenu linasemaje?"

Nikamsomea lililokuwa mbele yangu. Laini fulani, Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mitaa hii na hii.

"Basi na sisi tunataka hilo," akasema. "Maji yakifunguliwa kule juu Jumatatu, Kiomboni yanafika lini? Na yakikuta bamvua je? Mbegu nazipandisha siku gani?"

Sikuwa na jibu, nikamuuliza mwalimu mmoja wa uhandisi wa maji niliyekuwa nikilinda naye friza na seva. Alivuta karatasi pale pale. Kasi ya maji inajulikana, umbali unajulikana, kupwa na kujaa kwa bahari kuna majedwali yake kwa mwaka mzima. Kigumu ni bonde lenyewe, linavyotanua maji na kuyachelewesha, na hilo linahitaji vipimo vya mto kule chini. Hesabu inawezekana, akasema, ila lazima ipigwe upya kila mvua inaponyesha, na lazima awepo mtu wa kuipokea, kama sisi tunavyopokea la umeme.

Nilimpigia mjomba kumwambia. Aliuliza ni nani atakayekuwa mtu huyo, nami nikamwambia haijaamuliwa. Akasema wakitafuta, wamuulize mwenye kukata tiketi za boti za kisiwa cha Mafia pale Nyamisati: ana ubao, ana chaki, ana simu isiyozimwa, na hakuna mtu wa delta anayepanda chombo bila kwanza kusoma ubao wake.