Hodi Bila Jina

Anti alinipigia Jumatatu saa moja asubuhi, mimi nikiwa Embu bado kitandani. "Kuja uone vile watu wa kasino wamejaa ofisini kwangu."

Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, Makutano, mjini Meru. Anatoa ushauri nasaha: ndoa zinazouma, pombe, wasichana waliopata mimba wakiwa shule. Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti, kwa bei ya familia, yaani chai na chapati. Chini kabisa niliweka fomu ya mawasiliano. Jina, namba ya simu, ujumbe, tuma. Sehemu ya lazima ilikuwa ujumbe peke yake. Kazi ya nusu saa, nikajisifu.

Wiki ya tatu roboti za spamu zilikuwa zimeipata. Usiku mmoja ziliacha ujumbe zaidi ya mia mbili: kasino, dawa za nguvu za kiume, mtu wa kuahidi kuipandisha tovuti yetu juu ya zingine. Anti alikuwa anafuta kwa kidole gumba bila kusoma, futa, futa, futa. Katikati akaona maneno "Habari madam, niko na miaka kumi na saba na", lakini kidole kilikuwa kimeshashuka. Nilitafuta kwenye seva. Sikuwa nimeweka pa kuhifadhi zilizofutwa. Kilichoenda kilienda.

Hicho ndicho kilichonipandisha matatu siku hiyo hiyo. Runyenjes, Chuka, Nkubu, laptopu mapajani, nikipanga jinsi ya kujenga ukuta. Anti alitaka hata namba ya kitambulisho. "Si hata soja wa geti huitisha?" Ni kweli huitisha. Umeenda tu kumuona rafiki kwenye fleti, unaandika jina, kitambulisho na simu kwenye daftari ambalo kila anayefuata anaweza kulisoma. Tumezoea mpaka hatuulizi daftari likijaa linaenda wapi.

Kitambulisho nilikataa. Lakini niliweka kapcha, ile ya kukuambia uchague picha ndiyo ujulikane kuwa si roboti. Namba ya simu nikaifanya lazima, na mtu angetumiwa tarakimu kwa SMS za kuthibitisha kwamba ni yake. Taka zikaisha siku hiyo hiyo. Nikarudi Embu nikijiona fundi.

Mwezi ukapita. Anti akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekihesabu: watu pia walikuwa wameisha.

Kisha mama mmoja akapanda ngazi mwenyewe. Alikuwa amejaribu ile fomu mara tatu. Kwanza aliambiwa aguse picha zenye mabomba ya zimamoto, na yeye hajawahi kuona bomba la aina hiyo barabarani maishani mwake. Alipofaulu kubahatisha, akaitishwa namba. "Simu ni ya mzee," alimwambia Anti. "Hizo tarakimu zingeingia kwake, akisoma. Nikafunga."

Anti aliponisimulia, nilinyamaza kwa simu. Nilikuwa nimejenga mlango unaomzuia mtu yule yule tuliyeufungulia.

Kwetu Kenya namba ya simu ni kama jina. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho, na mtu akiiweka namba yako kwenye M-Pesa kana kwamba anakutumia pesa, jina lako linatokea kabla hajatuma. Ile kapcha nayo ilikuwa huduma ya bure kutoka ng'ambo, inayosoma anwani ya mtandao ya mgeni na jinsi anavyogusa skrini ili ikadirie kama ni binadamu. Yaani msichana wa kumi na saba, kabla ya kumfikia Anti, alipaswa kupekuliwa kwanza na kampuni asiyoijua. Na mimi ndiye niliyemsimamisha hapo mlangoni.

Sheria nilikuwa naijua. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakulinda usidaiwe habari za familia yako au mambo yako ya binafsi pasipo ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya data achukue ile tu inayohitajika, na inahesabu afya, ndoa na familia kuwa data nyeti. Lakini kujua ni rahisi. Saa ile spamu imekukalia, unamdai mgeni kila kitu.

Safari ya pili nilibomoa. Kapcha ikatoka. Jina na namba si lazima tena. Nikaficha kisanduku kimoja ambacho mtu hakioni lakini roboti, kwa tamaa yake ya kujaza kila nafasi, hukijaza na kujitaja. Kwa wasioona, ambao simu huwasomea ukurasa, niliandika hapo "acha wazi". Ujumbe ukitumwa sekunde mbili baada ya ukurasa kufunguka, au ukiwa na viungo vingi, haufutwi, unawekwa kando usubiri kuangaliwa. Baada ya siku thelathini kila kitu kinafutika. Na nikaongeza swali moja ambalo Anti ndiye alilitunga: "Ungependa tukujibu vipi, na saa ngapi ni salama?"

Si wote hujaza. Kuna aliyeandika tu, "Nitakuja Alhamisi. Msiniulize jina." Alikuja. Hakuulizwa.

Ule wa miaka kumi na saba haukurudi, au kama ulirudi, ulirudi bila umri na hatukuutambua. Mtego wangu nao si kamili. Kasino bado zinapenya, mbili tatu kwa siku. Nilimwambia Anti naweza kuukaza kidogo. Akakataa. Kila asubuhi anamimina chai, anavaa miwani, anazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, hata zile za nguvu za kiume. Ndipo anafuta.