Barcelona Si Klabu, Ni Mtaa wa Watu
Wasee, wikendi ya Barcelona ni tamu, sikatai. Nikiwa chuo tulienda wanne: La Rambla imejaa watu hadi usiku, asubuhi tuko ufuoni Barceloneta. Lakini Julai 2024 wenyeji waliandamana, wengine wakawamwagia watalii maji kwa bastola za watoto. Wengi mlicheka. Mimi niko upande wao. Kila nyumba ikigeuzwa ya wageni, kuna mpangaji anatafuta kwingine, na kodi inapanda. Jiji limetangaza litaondoa leseni za nyumba hizo, zaidi ya 10,000, kufikia 2028. Sisi tulilala hosteli, watu wanane chumba kimoja, na raha haikupungua hata kidogo. Ukienda, lala huko. Na ukitoka klabu saa tisa usiku, shusha sauti. Hapo juu kuna mtu anaamkia kazi.