Gitaa Moja, Mikono ya Watu Wawili

Ugonjwa ukiingia ndani ya nyumba haumshiki mtu mmoja tu. Humgeuza mke akawa muuguzi na mume akawa mgonjwa, na siku zikipita wawili hao husahau kwamba zamani walikuwa kitu kingine. Mmoja analisha, mwingine analishwa. Mmoja anaamua, mwingine anasubiri kuamuliwa. Upendo haujaondoka, lakini mazungumzo yamebaki kuwa ya dawa, uji na choo. Tunawaandikia akina mama wenzetu walio katika hali hiyo, kwa kuwa nasi tumo humo, na kwa kuwa tumepata jambo dogo lililotusaidia. Tulijifunza kupiga gitaa nyimbo za Mwenda Jean Bosco.

Tunaposema "sisi" tuna maana ya mke na mume. Kalamu imeshikwa na mke, ambaye ni muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye hujitolea kanisani katika kundi la akina mama la kutembelea wagonjwa. Mume ni fundi seremala. Kila kilichoandikwa hapa kimesomwa kwa sauti mbele yake, naye amekubali kwa kichwa. Sehemu mbili alizikataa, nazo zimeondolewa.

Maneno yalipoondoka

Miaka mitatu iliyopita mume alipatwa na kiharusi. Kwa wasomaji wasioufahamu vizuri ugonjwa huu, tueleze kidogo. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Shinikizo la juu la damu ndilo linaloongoza katika kukisababisha. Ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja ghafla, mkono umelegea, au maneno yanavurugika, usingoje kesho wala usimkande kwanza. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndimo pia mlimo maneno. Mume aliumia upande huo. Mkono wake wa kulia, ule wa randa na nyundo, ukalala. Maneno nayo yakapotea, likabaki moja tu: "basi." Akitaka maji, basi. Akikasirika, basi. Akimwona binti yetu amerudi kutoka shuleni, basi, pamoja na tabasamu la nusu ya uso.

Watu waliokuja kutuona walianza kusema naye kwa sauti kubwa kama anayesema na kiziwi, au kupita juu ya kichwa chake na kumuuliza mke, "Amekula?" Akina mama, mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi si lazima awe amepoteza akili. Wengi wanajua wanachotaka kusema, wanajua nani anawadharau, na wanaona aibu. Mlango tu ndio umefungwa.

Muuguzi anajua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Anajua kupima shinikizo la damu na kunyoosha kiungo kisikakamae. Lakini hakuna somo chuoni lililomfundisha namna ya kukaa jioni na mume asiye na maneno. Tulikaa. Redio ilisema badala yetu.

Gitaa ukutani

Mume alipiga gitaa tangu ujana wake. Alifundishwa na baba yake, mzee aliyekuwa akivuka Ziwa Tanganyika kutoka hapa Kigoma kwenda Kalemie kwa biashara ya dagaa, na ambaye alirudi safari moja na santuri za Katanga. Baada ya ugonjwa, gitaa lilining'inia ukutani likapata vumbi.

Siku moja kijana wetu alilishusha akawa analichezea karibu na kiti cha baba yake. Mume akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akalishika shingo. Vidole vitatu vikakaa juu ya nyuzi, kila kimoja mahali pake, bila kutafuta. Kijana akapitisha mkono juu ya nyuzi, na sauti ikatoka safi. Mume akahamisha vidole. Sauti nyingine safi.

Hapo ndipo tulipoelewa. Katika gitaa mkono wa kushoto hubana nyuzi shingoni, na wa kulia ndio unaozicharaza. Kilichopotea ni nusu moja ya kazi. Nusu hiyo mke angeweza kujifunza.

Bosco ni nani?

Wasomaji vijana huenda hawamjui. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, katika Katanga, nchini Kongo. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke aliyeuawa mwaka 1891, na Bayeke chimbuko lao ni Wasumbwa na Wanyamwezi wa huku kwetu magharibi ya Tanzania, waliokwenda Katanga kwa biashara katika karne ya 19. Kwa hiyo Bosco si mgeni kabisa kwetu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akikusanya muziki, alimkuta mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Mojawapo ya nyimbo hizo ni "Masanga," na imempa sifa mpaka Ulaya na Marekani. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, peke yake na gitaa lisilo la umeme, habari za watu wa kawaida wa mjini. Wapiga gitaa wengi wa Kenya walivutiwa naye. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia.

Ajabu yake iko katika mkono wa kulia. Bosco alitumia vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, kama mtu anayetwanga, na cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Asiyeona hudhani ni watu wawili wanaopiga. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tulipojua hilo tulifarijika. Ikiwa mtaalamu alihitaji kurasa nyingi, mama aliyetoka zamu ya usiku hana haja ya kujilaumu akichelewa.

Namna tulivyojifunza

Tunakaa kwenye benchi moja. Gitaa linalala kwenye mapaja ya mke, na shingo yake inapita mbele ya mume aliyekaa kushoto. Yeye anabana nyuzi, mke anacharaza. Mkono wake wa kulia uliolala uko katikati yetu, na mara nyingi tunauweka juu ya sanduku la gitaa ili ahisi mtetemo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa gumba peke yake. Mume alibana mshiko wa C, na gumba likaenda uzi wa tano, uzi wa nne, uzi wa tano, uzi wa nne, mpaka watoto wakalalamika. Alipiga mdundo kwa mguu wa kushoto. Gumba likikimbia, aliinua mkono shingoni na kusema, "Basi!" Safari hii neno hilo lilikuwa mahali pake kabisa, maana alitaka tusimame tuanze tena. Tulicheka mpaka machozi.

Mwezi wa pili kidole cha shahada kikaingia. Hapo ndipo penye kazi. Kikipiga pamoja na gumba, ni rahisi. Kikitakiwa kupiga katikati, baada ya gumba kupita na kabla halijarudi, mkono mzima unachanganyikiwa. Dawa yake tuliipata jikoni. Mke alikuwa akiponda karanga huku akihesabu, mchi ukiwa gumba na ulimi ukiwa kidole cha shahada. Baada ya majuma matatu mkono ulifuata.

Kucha zilikuwa tatizo lingine. Wapo wapigaji wanaofuga kucha ili sauti iwe kali, lakini muuguzi hafugi kucha, kwani uchafu hukaa humo na wagonjwa wataambukizwa. Tulikubaliana na sauti ya nyama ya kidole. Ni laini zaidi, nayo inafaa usiku watoto wanapolala.

Muda wetu ni nusu saa baada ya chakula cha jioni, vyombo vikiwa bado havijaoshwa. Tunasema wazi kuhusu vyombo, maana akina mama wengi hungoja kazi ziishe ndipo wapumzike, na kazi za nyumba haziishi. Vyombo vinangoja. Havijawahi kukimbia.

Kitu tusichokitarajia ni hiki: katika nusu saa hiyo mume ndiye mwalimu. Yeye anajua, mke hajui. Yeye anakunja uso, anatikisa kichwa, anasifu kwa kugonga bega. Siku nzima amevalishwa shati na kukatiwa nyama vipande vidogo. Jioni anamwongoza mke wake. Tuliona hata namna anavyokaa ikibadilika.

Wimbo si dawa

Mwezi wa tano, tukiwa katika wimbo ambao baba yake alizoea kuimba, mume alifungua kinywa akaimba. Si mlio tu, yalikuwa maneno: ubeti mzima, kwa Kiswahili kile cha Katanga, maneno yakiwa kamili. Mke aliendelea kucharaza kwa sababu aliogopa kwamba akisimama maneno nayo yatasimama. Binti yetu alitoka chumbani akasimama mlangoni.

Hatutaki kuwadanganya. Wimbo ulipokwisha tulimwomba aseme neno moja lolote la wimbo ule bila kuimba. Akajitahidi, mishipa ya shingo ikamtoka, akasema, "Basi." Usiku ule tulilia, wote wawili.

Jambo hili linajulikana katika tiba. Wapo wagonjwa wa kiharusi wasioweza kusema lakini wanaweza kuimba nyimbo walizozijua zamani, maana kuimba hakutegemei sehemu zile zile za ubongo peke yake. Tangu mwaka 1973 wataalamu nchini Marekani wameeleza njia ya kumfundisha mgonjwa maneno kwa kuyatia sauti ya kupanda na kushuka. Baadhi husaidika, wengine kidogo, wengine hapana. Kuimba wimbo wa zamani si sawa na kurudishiwa usemi. Kwa hiyo pamoja na gitaa hatukuacha dawa za shinikizo la damu, kupunguza chumvi, wala mazoezi ya viungo.

Hata hivyo tulijaribu. Tuliweka maneno machache ya nyumbani katika sauti tuliyoizoea: maji, twende, mama. Leo mume anayo maneno kama kumi na mawili. "Mama," jina analomwita mke wake tangu tupate mtoto wa kwanza, lilirudi mwezi wa kumi. Anapolisema huanza kwanza kwa kugonga goti mara mbili.

Nyimbo za dunia?

Mzee mmoja wa kanisa alitujia kwa upole akauliza, je, yafaa mama anayehudumu kanisani apige nyimbo za dunia, tena kwa chombo cha vilabuni? Tunamheshimu mzee wetu, na swali lake halikuwa baya. Tulimkumbusha habari ya Daudi aliyempigia Sauli kinubi, mfalme akapata nafuu. Kisha tulimwomba aketi asikilize. Alisikiliza nyimbo mbili. Alipoondoka alimshika mume mkono wa kushoto, akasema naye moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida, "Ahsante, Mwalimu." Hakumuuliza mke lolote.

Kwa mama mwenye mgonjwa nyumbani

Si kila nyumba ina gitaa, wala si kila mume alipenda Bosco. Lakini sasa tunapokwenda kutembelea wagonjwa na akina mama wenzetu, pamoja na kuuliza mgonjwa amekula na amelala, tunauliza swali jingine: alikuwa fundi wa nini, na ni sehemu gani ya ufundi huo imebaki? Mama mmoja alituambia mume wake alijua kusuka nyavu. Mwingine, mama mkwe wake alijua kupika vileja kuliko mtu yeyote mtaani. Basi, jifunze kwake. Kaa uwe mwanafunzi kwa nusu saa. Usijifanye hujui. Chagua jambo ambalo kweli hulijui, ili na yeye awe mwalimu kweli.

Usitarajie muujiza kila jioni. Zipo jioni ambazo mume hataki, anageuza uso, na tunalala bila kugusa uzi. Zipo siku zamu imechosha mpaka gumba halisikii. Tunaanza tena kesho yake.

Wimbo wa "Masanga" bado haujatukubali. Pana mahali gumba linatakiwa kushuka huku kidole cha shahada kikipanda, na kila tukifika hapo mmoja wetu anakosea. Siku hizi si mara zote anayekosea ni mke, na mume akikosea yeye, naye huambiwa, "Basi!"