Masikio ya Argos

Wanaoisimulia Odyssey hukumbuka mkia wa Argos. Odysseus karudi Ithaca baada ya miaka 20, kavaa matambara ya ombaomba. Hata mchunga nguruwe aliyeongozana naye hamjui. Mbwa wake mzee, aliyelala kwenye samadi, anatikisa mkia, kisha anakufa. Mie hukumbuka masikio. Homer anasema aliyalaza yote mawili, ila nguvu za kumsogelea bwana wake hakuwa nazo.

Darwin, kwenye kitabu chake cha 1872 kuhusu hisia, aliliona hilohilo. Mbwa anayemwendea mgeni kwa shari hukakamaa, mkia juu. Akigundua kumbe ni bwana wake, mwili unashuka na kujinyonganyonga, mkia unateremka huku ukitikisika, masikio yanarudi nyuma.

Mwaka jana baba alitoka hospitali kakonda, suruali imeshikwa na mkanda tu. Simba, mbwa wetu, alikakamaa getini, akanguruma. Akanusa. Halafu akalegea, masikio nyuma, akawa anakuja karibu anatambaa.

"Ananiogopa," baba akasema, akaurudisha mkono. Jirani (hakosi neno huyo) akadakia, "Eti kamsahau mzee!"

Nikamwambia baba atazame kiuno. Mbwa mwoga hurudi nyuma, mkia kaubana katikati ya miguu. Huyu alikuwa anakuja, na kiuno chote kinacheza.

Baba hakujibu. Aliketi kwenye ngazi za baraza, akaushusha mkono tena, kiganja juu.