Usikate gitaa, anko

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alikuja kwangu Tabata na mabegi mawili, mtoto wa kiume wa miaka 11, na gitaa la umeme. Mtoto ni wa marehemu mume wake. Gitaa nalo lilikuwa la marehemu.

Baba huyo alikuwa mpiga solo wa bendi za harusini. Waliomfahamu husimulia kwamba akianza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, wazee waliacha soda mezani wakainuka kucheza. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Hata mluzi wangu haueleweki ni wimbo gani.

Kijana huniita anko. Ana adabu, asubuhi hunipa shikamoo, nikimtuma anakwenda. Lakini la moyoni alimpelekea mama yake. Gitaa alilitundika sebuleni kwenye msumari, na kila Jumamosi alilishusha, akalifuta vumbi, akapiga mawili matatu aliyojifunza, akalirudisha. Mimi nilipita pembeni kama mgeni.

Mwezi wa nne nilikuwa nahamisha kabati. Kona yake ikagonga gitaa, likaanguka kwenye vigae. Mbao ilipona. Kilichopasuka ni ile plastiki nyeupe ya mbele, inayokaa chini ya nyuzi ili mbao isichubuliwe na mkono wa mpigaji. Katika gitaa la aina ile, plastiki hiyo ndiyo pia inayobeba mitambo: pikapu tatu, yaani zile sumaku zenye waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, vitufe vitatu vya kuzungusha, na swichi. Ufa ulitoka ukingoni hadi kwenye swichi.

Kijana alirudi shuleni akaona. Hakulia wala hakuuliza. Alilibeba gitaa chumbani akafunga mlango. Siku nne nzima nilipata shikamoo, basi.

Nilifanya wanalofanya wanaume wengi tukikosea: nilikimbilia kununua. Nikaenda Kariakoo na kipande kilichovunjika mfukoni, nikapata plastiki mpya inayofanana nacho. Muuzaji akaniambia, "Hii saizi ya kawaida bosi, inaingia yenyewe."

Haikuingia. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Umbo hilo la gitaa lilianza na Fender Stratocaster ya Marekani mwaka 1954, na wakati huo plastiki yake ilifungwa kwa skrubu 8. Kuanzia mwaka 1959 zikawa 11. Viwanda vingi vya nchi nyingine vimeiga umbo hilo, kila kimoja kwa vipimo vyake, vingine kwa inchi na vingine kwa milimita. Kwa macho zinafanana, ukiweka moja juu ya nyingine zinakataana. Gitaa letu lilikuwa na matundu 8, plastiki mpya ilikuwa na 11. Penye shingo ya gitaa ilibana kwa kama milimita mbili, na upande wa pili ilipanda juu ya kile chuma kinachoshika nyuzi.

Sasa, kazi yangu ni kupima na kukata. Dirisha likigoma kuingia, tunachonga ukuta kidogo, tunapiga plasta, maisha yanaendelea. Kwa hiyo nililiweka gitaa mezani, nikachora kwa penseli juu ya mbao mahali pa kutoboa na mahali pa kuchonga, nikachomeka drili.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Anko," akasema, "usikate gitaa. Kata hiyo mpya."

Nilitaka kumjibu kwamba pakishafunikwa hapataonekana. Mama yake, aliyekuwa anachagua mchele, akasimamisha mkono. Nikaangalia zile alama zangu za penseli juu ya mbao ya baba yake. Nikachomoa drili.

"Haya," nikamwambia. "Nionyeshe."

Akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tunakaa meza moja bila sahani.

Kazi ilichukua jioni tatu. Kwanza alipiga picha za waya zote kwa simu ya mama yake, ili tujue kila kitu kilikaa wapi. Tukatoa nyuzi, tukafungua skrubu, tukaipindua ile plastiki ya zamani polepole juu ya taulo bila kukata waya. Tukaunganisha vipande vyake kwa tepu na kuvichora kwenye karatasi ngumu ya boksi. Karatasi hiyo ndiyo ikawa kipimo chetu. Ukikosea kwenye boksi, unakata boksi jingine.

Halafu tukaanza kuchonga, uani, na barakoa usoni, maana vumbi la plastiki si la kuvuta. Mimi nilitaka msumeno. Yeye alitaka tupa. Tulitumia tupa: mikupuo mitano, unajaribisha, mitano tena, unajaribisha. Ukipunguza kidogo mno utarudia kesho, lakini ukizidisha hakuna wa kukurudishia. Mwisho tukalainisha kingo kwa msasa.

Matundu yalitusumbua zaidi. Manne yalikutana na ya gitaa vizuri. Mawili yalipishana kidogo, tukayavuta kwa tupa nyembamba ya duara hadi skrubu ikapita. Mawili hayakuwa na njia, tukatoboa mapya kwenye plastiki, palepale ilipotaka mbao. Kisha nikazungusha kwa mkono ncha nene ya drili juu ya kila tundu jipya, ili kichwa cha skrubu kilale sawa na kisijitokeze. Jumla 8. Matano ya kiwandani yamebaki wazi, hayana kazi.

Jioni ya tatu, tukijaribu skrubu ya pembeni, kijana akaniita, "Anko, kuna kitu humu." Ndani ya tundu la mbao palikuwa na njiti ya kiberiti imevunjwa na kushindiliwa. Nilicheka peke yangu. Kila fundi anaijua: skrubu ikilegea kwenye mbao, unatia njiti, inashika tena.

"Nani kaiweka?" akauliza.

"Baba yako," nikamwambia. "Hii ni kazi ya mtu anayejua. Tuiache hapohapo."

Akaniangalia muda kidogo. Kisha akaanza kuniuliza: alikuwa fundi kweli? Njiti inakaa miaka mingapi? Nikamweleza ninachojua kuhusu njiti. Kuhusu baba yake nikamwelekeza kwa mama, na mama alikuja kukaa nasi, akasimulia hadi saa tano usiku. Tangu nimuoe, jina la yule mtu lilikuwa halijatajwa mbele yangu. Nilidhani wananistahi. Kumbe walikuwa wananiogopa.

Skrubu ile ilishika kwa njiti ileile. Waya mmoja ulikuwa umekatika, fundi simu wa mtaani akaulehemu kwa dakika mbili. Tukafunga nyuzi, tukachomeka spika ya kuazima. Gitaa likalia.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tunalea watoto tuliowakuta. Tunafika na vipimo vyetu: saa ya kulala, namna ya kusalimia, picha gani ibaki ukutani na ipi ishuke. Visipokaa, tunamgeukia mtoto na drili mkononi, kwa sababu yeye ndiye mdogo. Mtoto tayari ana matundu yake, na yalitobolewa na mtu aliyempenda kabla yetu. Anayepaswa kuchongwa kwanza ni aliyekuja nyuma. Sisemi mtoto asirekebishwe. Wetu anaosha vyombo na akichelewa kurudi tunazungumza. Nasema tuchonge taratibu, tukijaribisha, na tusione haya kubaki na matundu kadhaa yasiyo na kazi.

Bado ananiita anko, na sijamwomba abadilishe. Ile plastiki ya zamani ameihifadhi chini ya kitanda, ikiwa imefungwa kwa tepu. Gitaa limerudi kwenye msumari, ila sasa nimeutia parafujo na plagi ya ukutani ili lisianguke tena. Jumamosi akilishusha, hanifungii mlango. Jana aliniita nimshikie tochi akaze skrubu moja iliyolegea. Nilipofika, alikuwa ameshavunja njiti ya kiberiti.