Injini Nzima, Gari Haliwaki

Katika vitabu vya safari nimesoma habari za machweo, za mbwa, za wenyeji wakarimu, hata za maharage ya kopo yaliyopashwa moto kando ya mto. Ankara ya gereji bado sijaiona ikinukuliwa. Ninayo moja hapa, kurasa mbili, kwa Kijerumani kilichonyooka kama rula. Kazi: saa 6.5, kila saa euro 142. Tangi la AdBlue pamoja na pampu yake: euro 1,186. AdBlue yenyewe, lita kumi: euro 18. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19. Jumla: euro 2,531.13. Kwa hela ya nyumbani hiyo ni zaidi ya shilingi milioni sita, na katika orodha yote hakuna kipande hata kimoja cha injini kilichoguswa, kwa sababu injini haikuwa na tatizo.

Tunaishi Köln, mke wangu, mimi na binti yetu wa miaka saba. Mke wangu ni muuguzi. Ratiba yake ya zamu inabadilika kama hali ya hewa ya hapa, na nyumba za likizo zinataka uweke nafasi miezi sita kabla. Ndiyo maana tukanunua kampavani, gari-nyumba: vitanda viwili, jiko la mafiga mawili, friji, hita, choo kidogo ambacho mtu mnene asijaribu. Ilikuwa na umri wa miaka minne. Bei, euro 46,000, nusu yake mkopo. Nusu nyingine ilikuwa akiba ambayo nyumbani kila mtu alijua ni ya kiwanja cha Kibaha. Baba hakusema kitu. Aliuliza tu, “Ina tairi ngapi?” Nikamwambia nne na hakuna ya akiba, kuna kopo la dawa ya kuzibia pancha. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza habari za mjukuu wake.

Sasa, AdBlue. Wasomaji wenye magari ya petroli nivumilieni. Ni urea, ndugu yake yule yule ambaye mkulima wa Mbozi anamjua kama mbolea, asilimia 32.5, iliyobaki ni maji safi. Hunyunyizwa kwenye bomba la moshi, joto linaigeuza kuwa amonia, nayo amonia inaifanya oksidi ya nitrojeni igeuke kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke. Ni jambo zuri kabisa. Shida ni kwamba urea haipendi kukaa, na kampavani kazi yake kubwa ni kukaa. Maji yakipungua inabaki chumvi nyeupe, inaziba kijibomba hapa, inamlaza kihisi pale. Ikishuka chini ya nyuzi 11 chini ya sifuri inaganda, kwa hiyo tangini wameweka na kipashajoto. Pampu, kihisi, kipashajoto, vyote vimefungwa pamoja kama fungate. Akifa mmoja, wanazikwa wote.

Na gari halikuachi tu uendelee. Skrini inaandika: kilomita 800, kisha injini haitawaka tena. Kesho yake 740. Binti yangu, ambaye ndio kwanza anajifunza kusoma namba kubwa, akawa ananisomea kwa sauti kila tukisimama kwenye taa. Injini inanguruma vizuri, mafuta yapo, maji yapo, na wewe unaendesha huku unahesabiwa siku. Ikifika sifuri ukizima, umezima. Gari limekatazwa kuwaka, na aliyekataza ni programu.

Niseme wazi, sina ugomvi na hewa safi. Mwaka 2015 ilipobainika kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, mimi nilikuwa chumba cha habari na niliandika habari ile kwa hasira ya kijana. Binti yetu ana pumu. Kuna siku za baridi, hewa ikiwa imesimama juu ya Köln, ambapo tunamsikiliza anavyopumua usiku kama watu wanaosikiliza redio ya vita. Kwa hiyo rafiki yetu Mkenya anayeishi Wuppertal aliponiambia, “Si ufute hiyo kitu? Ni laptop tu, nusu saa, jamaa anachukua mia nne hamsini,” mke wangu alijibu kabla yangu. Alimwonyesha pampu ya dawa ya mtoto juu ya friji. Jamaa akasema pole, shemeji, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Kufuta ni kosa kisheria hapa, gari linapoteza hata kibali cha kuwa barabarani, lakini nina hakika si sheria iliyomjibu siku ile. Tulilipa 2,531.13.

Ninachogombana nacho ni kile kifungo. Kihisi cha ukubwa wa kidole gumba kingeweza kuwa na skrubu mbili na kubadilishwa na mtu mwenye subira. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua kisiwe na skrubu.

Baba aliendesha Scania 112 kati ya Dar es Salaam na Tunduma miaka mingi ya utoto wangu. Ukiniuliza nani wa kwanza kwetu kuishi kwenye kampavani, ni yeye, ingawa angecheka ukimwita hivyo. Nyuma ya kiti kulikuwa na godoro. Kwenye boksi la chuma chini ya bodi kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili, unga, dagaa, na dumu la maji. Alilala Mikumi, alilala Makambako, alilala popote lori lilipotaka kulala. Na lilitaka mara nyingi. Dizeli ikiingia hewa, utingo alishuka, akalegeza nati, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe: kutoa upepo, kazi ya dakika ishirini. Wakikwama Kitonga walikata matawi wakayapanga barabarani nyuma ya gari ili anayekuja ajue mbele kuna mgonjwa. Kisha wakapika.

Sitaki kuyapamba. Matawi yale mengine hayakuonekana usiku, na Baba ana marafiki ambao hawakurudi. Lori lile lilitoa moshi ambao leo ningemziba mwanangu pua. Lakini lilipokufa, Baba alijua limekufa na nini, na alikuwa na haki ya kulifungua.

Nilimpigia kwa video mara ya kwanza kampavani ilipotusimamisha. Hiyo ilikuwa Husum, kaskazini, karibu na bahari, Oktoba, nyuzi nne nje. Tuliamka usiku wa manane na baridi. Mtungi wa gesi wa kilo 11 ulikuwa umejaa kabisa, ila hita ya gesi haiwezi kuwaka bila umeme wa kuwashia moto na kuzungusha feni, na betri ya upande wa nyumba ilikuwa imekwisha ingawa tulikuwa tumeendesha siku nzima. Tukalala na makoti, mtoto katikati. Asubuhi nikafungua boneti nikamwelekezea Baba kamera. Mfuniko mweusi wa plastiki, mabomba, nembo. Akatazama sana.

“Mwanangu, injini iko wapi hapo?”

“Chini ya hiyo plastiki, Baba.”

“Sasa plastiki ya nini? Wanaificha nani?”

Tulikuja kuelewa baadaye. Alteneta za magari mapya zina akili: hupumzika ili kuokoa mafuta, na zikipumzika betri ya nyumba hailishwi. Kwa hiyo aliyejenga nyumba huweka kisanduku cha kupandisha umeme, na chetu kilikuwa kimekufa kimya kimya. Na hapa ndipo ulipo utamu wa kampavani ya kisasa. Gari limetengenezwa na kampuni moja, nyumba imejengwa ndani yake na kampuni nyingine, hita imetoka kwa wa tatu, friji kwa wa nne. Gereji ya gari ilisema, betri ya nyumba si yetu. Gereji ya nyumba ilisema, alteneta si yetu. Kila mmoja alinipa namba ya mwenzake kwa adabu kubwa. Ulikuwa mwezi wa kumi, bado msimu, na gereji ya nyumba ilikuwa na nafasi baada ya wiki sita. Euro 690 mwishoni, nyingi zikiwa za kutafuta ubovu, si za kuuondoa.

La dirisha la paa sitalirefusha. Maji yaliingia, mbao chini ya kapeti ya dari ikageuka nyeusi, kipimo cha unyevu kikalia kama nzige. Euro 1,870. Dhamana ya kutovuja ilikuwepo, kwa sharti kwamba gari likaguliwe unyevu kila mwaka kwenye gereji inayotambuliwa, na mmiliki wa kwanza aliruka mwaka mmoja. Tangu hapo tunalipa ukaguzi huo kila mwaka, euro 160, kama watu wanaochangia msiba ambao umeshapita.

Mke wangu, ambaye hupenda hesabu kuliko mimi, ameweka jedwali. Kwa miaka miwili: matengenezo na ukaguzi euro 5,411. Usiku tuliolala humo: 61. Siku ambazo gari lilikaa kwenye yadi za magereji likisubiri spea au zamu: 74. Yaani mafundi wamekaa nalo kuliko sisi. Ukigawanya inakuja karibu euro 89 kwa usiku, kabla ya dizeli, bima na mkopo. Kwa bei hiyo Husum kuna vyumba vyenye taulo.

Nimerudi kusoma vitabu vyangu vya barabarani kwa jicho la mtu anayedaiwa. John Steinbeck, mwaka 1960, alizunguka Marekani na lori lenye kibanda mgongoni, akaliita Rocinante kwa jina la farasi wa Don Quixote. Tairi lilimpasukia Oregon, siku ya Jumapili, mvua inanyesha, na mwenye kituo cha mafuta akahangaika mpaka akampatia matairi. Nilipokuwa chuoni niliisoma sehemu ile kama hadithi ya wema. Leo naisoma na kujiuliza: je, kama tatizo lingekuwa kwenye programu? Mtu yule angefanya nini na wema wake wote?

Robert Pirsig, katika kitabu chake cha pikipiki cha mwaka 1974, ana marafiki wenye BMW ambao hawataki kabisa kujua inavyofanya kazi. Usukani wao unalegea, yeye anapendekeza kuukaza kwa kipande cha kopo la bia, nao wanaona ametukana pikipiki yao. Miaka yote nilikuwa upande wa Pirsig. Bado nipo. Ila naona yeye alikuwa na bahati ya kudhani kwamba kutojua ni uchaguzi wa mtu. Leo hata ukitaka kujua, unakuta mlango una funguo.

Anayekaribia zaidi hali yangu ni Fern wa filamu ya Nomadland, ile ya Chloé Zhao iliyotokana na kitabu cha Jessica Bruder. Gari lake linaharibika, gereji inamshauri kwamba kulitengeneza hakulipi, na yeye hawezi kuliacha kwa sababu ndiyo nyumba yake. Inambidi aende kwa dada yake kuomba hela. Wengi huikumbuka filamu ile kwa majangwa na mwanga wa jioni. Mimi nakumbuka anavyokaa kwa dada yake, anavyobadilika kuwa mdogo mle ndani. Sisi hatujafika huko, tuna nyumba ya kupanga na mishahara miwili. Lakini kuna maelfu Ulaya hii wanaolala kwenye magari kwa sababu kodi imewashinda, na kwao ile hesabu ya kilomita kwenye skrini ni notisi ya kuhama.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vitu. Imetaja mashine za kufulia, friji, simu, hata mashine za kufyonza vumbi. Magari hayamo. Yana kanuni zake, zinazowataka watengenezaji watoe taarifa za ukarabati kwa magereji huru, kwa malipo. Fundi mmoja huku kwetu, mzee wa Kituruki ambaye mikono yake inafanana na ya Baba, aliniambia kwamba analipia mifumo ya kampuni tatu na ya nne hawezi. Yetu ni ya nne.

Tumekubaliana tutakaa nalo mwaka mmoja zaidi. Mtoto analipenda, na siku likitembea, lazima niseme, kuamka ukisikia bahari huku chai inachemka hatua mbili kutoka kitandani ni raha ambayo jedwali la mke wangu halina safu yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenunua kidude cha euro 35 kinachochomekwa chini ya usukani kikasoma misimbo ya hitilafu kwenye simu. Hakitengenezi kitu. Kinakuambia tu jina la ugonjwa kabla hujafika kwa anayelipwa 142 kwa saa kukuambia.

Wiki iliyopita taa ikawaka tena. P20E8: shinikizo la AdBlue liko chini. Nikaituma kwenye WhatsApp ya familia, kwa mazoea tu. Baada ya saa moja Baba akatuma picha ya daftari lake la zamani, lile la jalada gumu ambalo zamani aliandika safari, mizigo, na spea za Scania. Kwenye ukurasa mpya, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, ameandika msimbo, tarehe, na jina la gari letu. Chini yake ujumbe wa sauti: kijibomba hicho kinachoziba kipana kiasi gani, na tumejaribu kukisuuza na maji ya moto?

Nimempelekea vipimo. Mke wangu anachemsha maji.